Mjadala: Banda dogo ndani ya mita 60 za ziwa, kibali kitolewe au kisitolewe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa kwenye mwalo mmoja (pale boti zinapotia nanga na kushusha samaki) nje kidogo ya Mwanza. Anataka kujenga banda la vifaa: futi 12 kwa 15, nguzo za miti, kuta za mabanzi, bati juu. Chini ni udongo uleule, hakuna saruji, hakuna choo, halali mtu. Shida ni kwamba hapo anapopataka hapafiki hata mita 40 kutoka majini.

Wanaolijua Ziwa Victoria wanaelewa kwa nini hataki kulipeleka juu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikianza, taa hazivuti tena, boti zinapandishwa mchangani na kazi inalala mpaka giza lirudi. Siku hizo ndizo injini zinaibiwa. Injini ya boti huwezi kuibeba begani kila siku kupandisha mlima wa mawe, na nyavu mbichi ukizilaza chumbani na watoto, harufu yake mnaijua.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Kifungu hichohicho kinampa Waziri nafasi ya kuweka miongozo ya shughuli za eneo hilo. Mimi naona hapo mlango haujafungwa kabisa. Mwalo wenyewe umo ndani ya mita hizo, na dagaa wanaanikwa humohumo. Hoja yangu: banda la kubomoka kwa siku moja lipewe kibali cha maandishi, cha muda, chenye vipimo na tarehe ya mwisho. Kinachotolewa sasa ni cha mdomo: "Jenga tu, si kadogo hako?" Kisha unaamka asubuhi unakuta X nyekundu kwenye mabanzi, na aliyekuambia ujenge hapokei simu.

Mnasemaje?

Mkazi wa Igombe:
Mkuu, napinga. Banda la muda kwenye fukwe zetu silijui. Linaanza la mabanzi, mwaka unaofuata linamwagwa sakafu, halafu inaingia friji ya soda na viti vya plastiki. Wateja wakizidi, kinachimbwa choo. Ziwa likijaa, choo hicho kinaenda wapi? Maji hayohayo ndiyo tunachota.

Na usiseme "moja tu". Matete na mafunjo ya ukingoni ndiyo yanazuia udongo na uchafu unaoshuka na mvua kutoka milimani. Sato wanatengeneza viota vyao kwenye maji ya kina kifupi palepale mnapofyeka ili boti ipite. Baba mdogo akipewa, jirani yake atanyimwa kwa sababu gani? Uganda, kwa ziwa hilihili, walikwenda mpaka mita 200. Sisi 60 zinatushinda.

Mpita njia:
Na yale majumba ya ukuta wa mawe ulioshuka mpaka majini, ambayo watu wanakwenda kupigia picha za harusi? Yana vibali vya mita ngapi?

Mpimaji ardhi:
Nichangie kitaalamu kidogo. Mnabishania mita 60, hakuna aliyeuliza zinaanzia wapi. Mwaka 2006 ziwa lilishuka vibaya, watu wakalima na kujenga palipokuwa maji, na wengine walipima kuanzia huko. Mei 2020 likapita kiwango kilichokuwa rekodi tangu 1964. Mwaka 2024 likapita na kile cha 2020. Aliyepima kwa mkanda mwaka 2006 akapata 60 kamili, mwaka 2020 huenda alikuwa anaamka miguu imelowa.

Kwa hiyo mzee asiende halmashauri na mchoro wa fundi peke yake. Aanzie Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na ofisi ya kanda ya NEMC (baraza la taifa la mazingira), aombe maoni kwa barua, aambatanishe picha za alama ya maji ya juu kabisa anayoikumbuka. Kwenye mwalo alama hizo zipo, angalia magome ya miti na mawe makubwa. Barua ya mtendaji wa kata peke yake haitamlinda. Na asiweke hata tofali moja kabla ya majibu.

Mleta mada:
Mpimaji, asante, hiyo ya alama ya maji nitamfikishia leo.

Mpita njia, hoja ya majumba siitaki kwenye barua ya mzee. Ukiiweka, afisa atakujibu kwamba hata hayo yatabomolewa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mkazi wa Igombe, la choo na la friji nakuunga mkono, na ndiyo maana nataka iandikwe. Kibali kikisema wazi hakuna zege, hakuna biashara, hakuna kufyeka matete, BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) itakuwa na cha kushika mkononi siku mtu akimwaga sakafu. Leo hawana.

Mkazi wa Igombe:
Basi lijengwe moja la mwalo mzima, nje ya mita 60, chini ya BMU. Wavuvi wote waweke injini humo.

Mleta mada:
Nimempigia mzee. Anasema hata yeye alishalipendekeza kikaoni. Walikwama kwenye mshahara wa mlinzi: wenye boti kumi hawataki kuchangia kwa hesabu ya boti, na mwenye boti moja anaogopa kuacha injini yake chini ya ufunguo wa wenye kumi. Hilo mngeliamuaje?