Huduma ya malipo inayojibu 200 (namba ya HTTP ya “imefaulu”) hata ombi likishindikana

Wakuu,

Nimefungua uzi huu kwa hasira. Kazi niliyopewa ni programu mteja ndogo ya Java, inayotuma namba ya ankara kwenye huduma ya wavuti ya kampuni moja ya malipo na kupokea jibu kama ankara imelipwa au la. Huduma yenyewe ni ya SOAP, yaani utaratibu wa programu kutumiana ujumbe ulioandikwa kwa XML, maandishi yenye lebo zinazotaja kila taarifa. Uzee wa teknolojia hiyo haunisumbui, kwa sababu mkataba wake huandikwa wazi katika faili la WSDL, linaloeleza huduma iko wapi, inapokea nini na inarudisha nini, na kutokana na faili hilo zana huzalisha zenyewe sehemu kubwa ya msimbo wa mteja.

Mkataba wa kampuni hii hauaminiki. Anwani ya seva iliyomo katika WSDL yao inaanza na 192.168, yaani ni ya mtandao wao wa ndani, na mtu aliye nje hawezi kuifikia kamwe. Mwongozo wao nao unaelekeza kutumia wsimport, zana ya kuzalisha msimbo huo, iliyomo ndani ya JDK (kifurushi cha kuundia programu za Java), ilhali zana hiyo iliondolewa humo tangu toleo la 11, mwaka 2018. Anayeanza kazi hii atahangaika akidhani kompyuta yake ndiyo mbovu.

Hayo ningeyavumilia. Nisilolikubali hata kidogo ni namna wanavyotoa taarifa za makosa. Maelezo rasmi ya SOAP 1.1, yaliyochapishwa mwaka 2000, yanaitaka seva iliyoshindwa kushughulikia ombi irudishe HTTP 500, namba inayomaanisha kosa ndani ya seva, pamoja na kipengele cha Fault chenye maelezo ya kosa, ambacho zana za Java hukigeuza kuwa hitilafu inayoisimamisha programu papo hapo. Wao hurudisha 200, kwa muundo ule ule wa jibu la mafanikio, na kosa lenyewe wamelifukia katika uga wa maelezo kwa sentensi ya kawaida, ambayo huibadilisha bila kumtaarifu mtu. Programu iliyofuata mkataba neno kwa neno itaamini kwamba malipo yamepokelewa. Duka litatoa mzigo, fedha haitaingia, na atakayedaiwa ni karani wa dirishani asiyejua hata XML ni nini.

Nilipowaandikia, walinijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Hao wengine, kwa ninavyoamini, wameandika msimbo unaolinganisha sentensi hizo herufi kwa herufi, na siku mtu wa kampuni akisahihisha nukta moja, mifumo yao yote itadanganyika kwa pamoja!

Ninadai warekebishe anwani, wachapishe orodha kamili ya makosa, na watoe toleo jipya linalorudisha Fault, kwenye anwani yake, ili programu zilizopo zisivunjike. Mliokwisha kuunganisha mifumo yenu na huduma za namna hii, wekeni hapa majibu ghafi ya XML mliyopokea, mkiondoa nywila na taarifa za wateja, tuyakusanye katika barua moja tutakayoitia saini sote.