Wazee wamenieleza mapito ya wanyama, ofisi inataka mstari mmoja kwenye ramani. Nifanyeje?

BwanaNyamaMdogo (mleta uzi)
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri wa kitaalamu, wenye utani wapite pembeni kidogo.

Nipo idara ya wanyamapori, halmashauri moja ya kaskazini, upande wa nyanda za Simanjiro. Nimepewa kazi ya kukusanya maarifa ya wafugaji kuhusu mapito ya wanyama wanaotoka Tarangire, yaingizwe kwenye ramani ya serikali. Nimekaa na wazee wa vijiji kadhaa, nimewarekodi kwa simu na kuandika.

Shida ni kwamba mzee hasemi "hapa". Anasema nyumbu hutoka mvua ikishanyesha mara mbili, ikikatika wanageuza. Mwaka wa ukame hawafiki kabisa. Tembo wanapita huku, ila boma likihamia pale wanazunguka. Fundi wa ramani yeye anataka mstari wenye mwanzo, mwisho na upana kwa mita. Muda wa kuwasilisha unaniishia.

Swali ni moja tu: maelezo ya namna hii yanageuzwaje kuwa mstari? Kuna fomu yoyote?

KahawaChungu
Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

Mpimaji_wa_Zamani
Mkuu, anza na jedwali, ramani ije baadaye. Kila kauli ya mzee ipewe mstari wake kwenye jedwali, na safu ziwe hizi: mnyama, mahali kwa jina la wenyeji, majira, sharti (mvua mara mbili, boma halipo, mwaka wa ukame), chanzo (kaona mwenyewe au kasimuliwa), mara ya mwisho kuonekana, na nani anaruhusiwa kuiona taarifa hiyo. Safu ya sharti ndiyo watu huitupa kwa sababu haina pa kukaa kwenye ramani. Ukiitupa hiyo, umebaki na uvumi wenye namba za GPS.

Ukifika kwenye kuchora, usichore mstari, zungushia maeneo. Tabaka moja la vuli, moja la masika, moja la kiangazi, na la nne la mwaka wa ukame. Kila eneo liwe na kingo mbili: ya ndani ni pale wazee wote wanapokubaliana, ya nje ni pale ambapo hata mmoja tu kapataja. Upana ambao fundi wako anautaka umo katikati ya kingo hizo, na unabadilika kwa majira.

Chapisha picha ya setilaiti kwenye karatasi kubwa, ile ya bure ambayo nukta yake ni mita 10 inatosha. Tandika chini, wazee wapange kwa mawe na punje za maharage, kalamu ije mwisho. Mtu akishapewa kalamu anaogopa kukosea na hataki tena kurekebisha.

Angalizo ambalo limeharibu kazi nyingi: ramani za zamani za 1:50,000 zimejengwa kwenye mfumo wa zamani wa viwianishi wa Arc 1960, kifaa chako cha GPS kinasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya bila kubadili, kila kitu kinahama karibu mita 300. Kisima cha mzee kinaangukia kwenye shamba la mtu, halafu ofisi inasema mzee kasahau.

Mlokole_wa_Mbugani
Ndugu zangu, tatizo la watumishi wa siku hizi ni haraka. Mzee unamwendea kwa adabu, unasikiliza, unarudi tena na tena. Ninyi mnakwenda na fomu na posho. Elimu bila unyenyekevu ni kelele tu.

Nahodha_Barafu
Mada hii inanikumbusha nyangumi wa Alaska. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilisimamisha uwindaji wa asili wa Wainupiat, wenyeji wa kule, kwa hoja kwamba nyangumi wamebaki wachache mno, chini ya 2,000. Wataalamu walikuwa wanahesabu kutoka ukingo wa barafu, wanaona tu wanaopita kwenye maji yaliyo wazi. Wawindaji wakasema mnahesabu nusu, wengine wanapita chini ya barafu na wengine mbali msipowaona.

Kilichofuata ndicho cha kuiga. Vilishushwa vinasa sauti majini, nyangumi wakasikika wakipita chini ya barafu kama wawindaji walivyosema, na makadirio yakapanda. Kauli ya wenyeji iligeuzwa ikawa kitu cha kupima. Sasa mleta uzi, wazee wako wakisema "nyumbu hutoka baada ya mvua ya pili", chukua takwimu za mvua, chukua tarehe za kuonekana nyumbu, linganisha. Mstari hauna haja.

KahawaChungu
Tumetoka Simanjiro tumefika kwenye barafu na bado ni ukurasa wa kwanza.

Mama_Alalili
Mdogo wangu, kabla hatujafika kwenye mstari nina maswali. Umezungumza na wanawake? Wao ndio wako njiani kila siku kwa maji na kuni, tembo anayehama saa kumi na moja alfajiri wanamjua kuliko mzee aliyekaa bomani. Na morani wanaochunga mbali, umewahoji peke yao au mbele ya baba zao? Mbele ya baba zao hawasemi.

La pili, wazee waliambiwa taarifa hizi ni za kazi gani?

La tatu, rasimu iko wapi hivi sasa?

BwanaNyamaMdogo
Dada, naomba tubaki kwenye mada. Wanawake sikuwahoji, muda haukutosha. Morani walikuwepo kwenye kikao cha wote. Lengo lilielezwa vizuri na mtendaji wa kijiji alikuwepo. @Mpimaji_wa_Zamani asante sana, hiyo ya kingo mbili ni dhahabu. Swali dogo: kama safu ya "nani anaruhusiwa" sikuiweka tangu mwanzo, naweza kuijaza mwenyewe kwa busara?

Mpimaji_wa_Zamani
Hapana. Hiyo anajaza aliyesema.

Mama_Alalili
"Lilielezwa vizuri" si jibu. Taja maneno uliyowaambia.

FundiZizi
Wakati tunasubiri, niongezee kitu chenye faida kwa kijiji. Kama kweli mnataka kuunganisha maarifa ya asili na ya serikali, nendeni mkaone mazizi ya kijiji cha Loibor Siret, huko huko Simanjiro. Wamechukua uzio wa miti wa kimila wakauchanganya na wavu wa chuma. Miti ni ya jamii ya komifora, ile ambayo ukichomeka tawi inachipua. Unachomeka mvua zinapoanza, si kiangazi, maana kiangazi itakauka na utabaki na nguzo za kuni. Ikishika ndipo wavu unafungwa kwenye mashina. Nguzo zilizokufa mchwa wanazimaliza, hizi zinanenepa. Sehemu dhaifu ni mlango: watu wanajenga uzio wa maana halafu wanaziba mlango kwa matawi. Fisi anaingia hapo. Na chini ya wavu paangaliwe, fisi anachimba.

BwanaNyamaMdogo
Sawa, niseme, maana naona sitapata msaada bila hivyo.

Niliwaambia wazee kwamba kazi ni ya kupunguza simba na fisi kuvamia mazizi. Si uongo, ofisi ina mpango huo pia. Ila ramani yenyewe ni kiambatanisho cha pendekezo la shoroba, yaani mapito ya wanyama yanayotengwa kisheria. Rasimu ya kwanza imeshapelekwa ngazi ya juu, na kwenye safu ya chanzo kuna majina ya wazee. Kuna pia alama ya oreteti mmoja (mti mtakatifu wa Wamaasai) na visima viwili vya kiangazi.

Lakini naomba mnielewe. Njia walizotaja ni za kweli. Mashamba yakizifunga, wanaoumia ni wao hao wafugaji, maana malisho na mapito ni ardhi ile ile. Ningetaja neno shoroba kikao kingevunjika, kila mtu anajua hofu ya kuhamishwa ilivyo. Nimewasaidia bila wao kujua. Na sasa kurudisha rasimu ni kujiweka pabaya na bosi.

Mlokole_wa_Mbugani
Nilisema mimi. Haraka.

Mama_Alalili
Umewasaidia bila wao kujua. Haya.

Tuangalie unavyosimama. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Wanyamapori ya 2009 kinampa waziri uwezo wa kutangaza shoroba kwa kushauriana na mamlaka za serikali za mitaa, na kanuni zake za shoroba ni za 2018. Kiambatanisho chako kitasomeka kama ushahidi kwamba wazee wameshauriwa, wakati walikuwa wanazungumzia fisi. Siku wakisomewa majina yao kwenye kikao cha mpaka, hakuna mtumishi atakayeambiwa kitu tena kule, hata wa chanjo ya ng'ombe.

Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inataka taarifa ya mtu itumike kwa lengo alilokusanyiwa. Jina na sauti yake ni taarifa binafsi.

Tatu, kisima cha kiangazi kwenye faili linalozunguka ofisini ni zawadi kwa jangili. Na oreteti ni mahali pa ibada, hukuombwa uuweke.

Na hoja kwamba wangenyamaza haina nguvu. Terrat, hapo hapo Simanjiro, tangu 2005 kijiji kina makubaliano na kampuni za utalii: wanalipwa kila mwaka, hawalimi uwanda wa malisho, ng'ombe wanaendelea kulisha humo. Walielezwa kila kitu wakakubali. Hawakukubali kwa sababu walifichwa.

SioMchezo
Hii ni chai, na haina hata tangawizi.

Wazee wa Simanjiro wakae na bwana nyama, wamwonyeshe mapito, wasiulize kama ni mambo ya hifadhi? Watu ambao Tarangire imetangazwa hifadhi ya taifa 1970 wakiona? Wale wakiona gari la serikali tu wanauliza maswali kumi. Pili, mtumishi gani anakuja kuanika jambo la ofisi humu? Huyu ni mwanafunzi anatafuta sura ya nne bure. Angalieni anavyomshukuru Mpimaji.

KahawaChungu
Na mimi nilijiuliza. "Fundi wa ramani anataka upana kwa mita" hilo ni swali la mtihani kabisa.

Nahodha_Barafu
Tumpime basi. Mleta uzi, ndama wa nyumbu wanapozaliwa kule uwandani, ng'ombe wanapelekwa wapi na kwa nini? Usiende kutafuta mtandaoni.

BwanaNyamaMdogo
Wanaondolewa. Nyumbu wanazaa kati ya Januari na Machi, uwandani kwenye nyasi fupi. Ng'ombe akilisha pale anapata ugonjwa wa nyumbu: homa kali, kamasi, machozi, jicho linageuka jeupe, anakufa, na dawa hakuna. Kwa hiyo wanawapeleka kwenye vichaka na nyasi ndefu ambazo si nzuri kama zile, wanakaa huko mpaka ndama wa nyumbu wabadili rangi, kama miezi mitatu au minne. Wazee wanasema ugonjwa unatoka kwa ndama na kondo la nyuma. Kila mzee alinitajia mpaka ambao hapitishi ng'ombe kipindi hicho.

SioMchezo, waliuliza. Waliuliza sana. Niliwajibu kuhusu simba.

SioMchezo
Hata hiyo imo vitabuni.

Mpimaji_wa_Zamani
Imo vitabuni kwa sababu Wamaasai walisema kwanza. Kirusi cha ugonjwa huo kilipatikana kwa nyumbu mwaka 1960, na nyumbu mwenyewe haugui. Wazee waliotaja ndama na kondo walikuwa karibu sana na ukweli: ndama ndiye anayekitoa kwa wingi miezi yake ya mwanzo.

Mleta uzi, awe wa kweli au wa kubuni, jibu la swali lake kalitoa mwenyewe bila kujua. Ule mpaka ambao ng'ombe hawavuki Januari hadi Aprili ndio kingo ya nyumbu wanaozaa. Wafugaji wameuchora kila mwaka kwa hasara yao wenyewe, kwa sababu anayekosea anapoteza ng'ombe. Ndege ya sensa inapita siku chache, kola ya GPS inafuata nyumbu wachache. Uliza tu: mwaka jana mlihamisha ng'ombe lini, mkasimama wapi, mwaka juzi je, mwaka wa ukame je? Hayo ni maswali ya mifugo yao, hayamtaji mtu wala hayagusi kisima wala oreteti. Ukishapata mipaka ya miaka mitano, weka juu ya tabaka la mvua. Fundi wako atapata ukanda wenye upana, na utakuwa na sababu ya upana huo.

FundiZizi
Na lango mlizibe.

BwanaNyamaMdogo
Hiyo nimeipenda sana. Lakini rasimu iliyokwenda? Nikiiacha, nikatuma ya pili iliyoboreshwa, si inatosha?

Mama_Alalili
Haitoshi, ya kwanza itabaki kwenye jalada na ndiyo yenye majina. Andika barua kupitia kwa mkuu wako wa idara, taja kumbukumbu namba ya ile ya kwanza, sema kiambatanisho kinaondolewa kwa sababu hakijathibitishwa na vijiji. Hiyo sababu ni ya kweli na haikuumbui.

Kisha rudi kijijini. Mwone laigwanani (kiongozi wa mila) kwanza, halafu Halmashauri ya Kijiji, halafu Mkutano Mkuu. Tamka neno shoroba sentensi ya kwanza. Tandika ramani, soma kila alama kwa sauti, na kila moja iingie fungu mojawapo: inabaki wazi, inafifishwa (badala ya nukta unaonyesha mraba wa kilomita 5 kwa 5), au inatolewa. Visima nategemea vififishwe, oreteti utolewe, lakini waamue wao. Wanawake wawe na kikao chao, saa ambayo si ya kuchota maji. Muhtasari usainiwe na kugongwa mhuri, nakala ya ramani ibaki ofisi ya kijiji ikiwa imechapishwa, maana faili la kompyuta ni sawa na kutowapa.

Wakikataa, wamekataa. Utaandika hivyo.

BwanaNyamaMdogo
Barua nitaandika. Majina nayatoa. Ila njia ya tembo ya upande wa kusini sikubali itolewe hata wakisema, mashamba yameshaanza pale.

Mama_Alalili
Basi ithibitishe kwa kinyesi, nyayo na kamera, iingie kama kazi ya idara yako. Usiiandike kama kauli ya wazee.

Mpimaji_wa_Zamani
Unapotoa majina, angalia na majina ya mafaili ya sauti, safu zilizofichwa kwenye Excel, na maelezo yaliyo ndani ya faili la ramani lenyewe. Watu wanafuta kwenye jedwali la juu tu, jina linabaki kwenye sehemu hizo tatu na linasafiri nalo.

SioMchezo
Bado nasema chai. Ila hiyo ya mita 300 kesho naenda kuangalia ramani zetu.