Simu ya barua pepe: Galaxy A15 au iPhone SE ya 2022?

Wakuu, habari za leo. Natoa mizigo bandarini Dar. Kutwa nipo juani, ofisi yangu ni simu: ankara, nyaraka za meli, maswali ya wateja. Simu niliyonayo haileti barua pepe mpaka niifungue mwenyewe. Juzi mteja kaniandikia saa 3 asubuhi, nimeiona saa 8 mchana. Kontena likalala siku nzima zaidi, gharama juu yetu. Iliniuma sana. Nichukue A15 mpya au SE iliyotumika?

— Pole mkuu. SE ina kioo cha inchi 4.7, A15 ni 6.5. Ankara ya PDF kwenye SE utaivuta kwa vidole mstari kwa mstari, tena juani! Na A15 ina betri kubwa, ya mAh 5000 (kipimo cha chaji inayobeba). Kwa kazi yako sioni ushindani.

— Kaka, kabla hujatoa hela, fungua mipangilio ya betri. Simu nyingi za Android hulaza programu usiyoigusa ili kuokoa chaji, ndiyo maana barua zinakungoja. Iruhusu programu ya barua pepe itumie betri bila kizuizi, halafu hakikisha usawazishaji (sync, yaani simu kuvuta barua yenyewe) umewashwa. Hata ukinunua A15, anza na hilo.

— Dada, ahsante mno. Nimefanya, barua 3 zimeingia simu ikiwa mfukoni. A15 bado naitaka kwa ajili ya kioo, ila sasa naweza kusubiri mwisho wa mwezi.