Mjukuu aliyezaliwa Kumasi: je, Ghana itamlazimisha kuuacha Utanzania?

Bibi wa Isevya, Tabora

Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu, Mtanzania aliyezaliwa hapa Tabora, ameolewa na Mghana na wanaishi Kumasi. Mtoto wao wa kwanza amezaliwa huko, na mwezi ujao anatimiza miaka 17. Nina kiwanja chenye miembe minne iliyopandwa na marehemu babu yake, nami nilikusudia kukiandikisha kwa jina la mjukuu huyo. Karani niliyempelekea karatasi aliniuliza swali moja tu, "Huyu ni raia wa wapi?", nikakosa la kujibu. Naomba kuelimishwa: je, sheria za Ghana zinamruhusu kuwa raia wa nchi mbili? Zaidi ya hayo, wakwe wanamhimiza binti yangu naye aombe uraia wa huko.

Mwalimu Mstaafu, Kigoma

Salaam, bibi. Ghana haitamlazimisha. Katiba yao ya 1992 hapo mwanzo ilimnyang'anya uraia Mghana aliyechukua wa nchi nyingine kwa hiari yake, lakini ibara hiyo ya 8 ilirekebishwa mwaka 1996, kisha Sheria ya Uraia ya mwaka 2000 ikaweka utaratibu wake. Mjukuu wako ni Mghana tangu siku aliyozaliwa, tena kwa sababu ya baba yake na si kwa sababu ya Kumasi, kwani kuzaliwa katika ardhi ya Ghana peke yake hakumpi mtu uraia. Katiba yao inakwenda mbali zaidi: hata babu au bibi mmoja akiwa Mghana, au akiwa aliwahi kuwa Mghana, yatosha.

Kufuli liko kwetu. Mama yake, kwa kuwa ni raia wa kuzaliwa, amemrithisha Utanzania, lakini akifikisha miaka 18 akiwa bado na uraia wa nchi mbili, sheria yetu inamtaka aukane ule mwingine, la sivyo wa Tanzania unamtoka. Na hata akiuchagua wetu, watoto atakaowazaa ng'ambo hawezi kuwarithisha, maana uraia wa kurithi kwetu unaishia kwa kizazi cha kwanza kilichozaliwa nje. Hapo, kwa maoni yangu, Ghana wametushinda kwa utu.

Niliyeishi Accra

Shikamoo bibi, nawe mwalimu shikamoo. Naongeza kwamba huko nako uraia pacha una mipaka. Mwenye uraia huo hawezi kuwa balozi, mkuu wa majeshi wala Inspekta Jenerali wa Polisi, na ibara ya 94 inamzuia kuwa mbunge mtu yeyote mwenye utii kwa nchi nyingine. James Gyakye Quayson alishinda ubunge wa Assin North mwaka 2020, lakini wakati anachukua fomu za kugombea hati ya kuukana uraia wa Canada ilikuwa haijatoka. Mei 2023 Mahakama ya Juu ikabatilisha ubunge wake, na Juni mwaka huohuo akarudi kwa wapiga kura akashinda tena, safari hii akiwa Mghana mtupu.

Kuhusu dada yetu, ndoa haimpi uraia wa Ghana moja kwa moja. Ni lazima aombe ili asajiliwe. Namsihi asitie saini ombi hilo kabla hajapata jibu la maandishi kutoka Uhamiaji wa Tanzania, ili ajue kama saini hiyo itampotezea Utanzania. Ikiwa anachotafuta ni utulivu wa kuishi na mumewe, Ghana inatoa pia kibali cha ukaazi kisicho na ukomo, nacho hakigusi uraia wake. Ardhi ndiyo atakayoikosa kwa sehemu, kwa kuwa asiye raia hupangishwa kwa muda usiozidi miaka 50.

Mzaliwa wa Ulyankulu

Shikamoo bibi. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Sisi tu miongoni mwa wale wapatao 162,000 wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliopewa uraia wa Tanzania, na ilitubidi kuukana wa Burundi. Baba aliiweka ile fomu ya kukana chini ya Biblia siku tatu, kila jioni anaitoa, anaisoma, anairudisha. Hakujutia kutia saini, ila alitaka aachwe aamue mwenyewe. Kijana naye aelezwe mapema, asije akaamuliwa na tarehe ya kuzaliwa.

Kiwanja usikiandikishe kwa jina lake sasa. Akiwa Mghana pekee, sheria yetu ya ardhi haimpi haki ya kukimiliki kama raia. Kiandike kwa jina la mama yake, maadamu bado ni Mtanzania.

Bibi wa Isevya, Tabora

Ahsanteni sana, wanangu, nawe mwalimu. Nimempigia binti yangu: fomu ya Ghana alikwisha kuijaza, imebaki saini tu. Ameniahidi kuiweka kando mpaka Uhamiaji wamjibu, na Jumapili atamkalisha mwanawe amweleze yote. Jumatatu narudi kwa karani na jina la binti.