Siku za kupwita zinatuambiaje umbali wa galaksi?

mgeni_wa_anga:
Wadau, naomba kueleweshwa. Nasikia umbali wa galaksi ya Andromeda ulipimwa kwa nyota zinazopwita, zile Sefeidi. Nyota hafifu inaweza kuwa ndogo iliyo karibu, au kubwa iliyo mbali. Kuhesabu siku kunatofautishaje hizo mbili?

mkesha_nyota:
Mimi nilielewa baada ya kuifuatilia moja kwa macho matupu: Delta Cephei, ambayo John Goodricke aliigundua kuwa inabadilika mwaka 1784. Kila usiku wenye anga safi nililinganisha mwanga wake na jirani zake wawili, Zeta (mwangaza 3.4) na Epsilon (4.2, namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu). Nikaandika daftarini: "leo inakaribia Zeta", "leo sawa na Epsilon". Nilipounganisha nukta, mchoro ukajitokeza: inapanda upesi, kama siku moja na nusu, kisha inashuka taratibu karibu siku nne. Mzunguko mzima ni siku 5.37, haubadiliki. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kinachoipwitisha ni tabaka la gesi ya heli ndani yake. Likibanwa, joto linazing'oa elektroni zake na nuru inakwama ndani. Shinikizo linaivimbisha nyota. Ikishavimba, tabaka linapoa, nuru inapenya, nyota inanywea tena. Sefeidi yenye mwanga mwingi ina mwili mpana na usioshikamana sana, hivyo inachukua siku nyingi zaidi kuvimba na kunywea.

Sasa swali lako. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt alichunguza Sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Zote ziko umbali unaokaribia kuwa mmoja kutoka kwetu, kwa hiyo iliyoonekana hafifu ilikuwa hafifu kweli. Akakuta zenye mzunguko mrefu ndizo zenye mwanga mwingi. Basi ukiona Sefeidi mbili za aina moja zenye siku sawa, na moja inaonekana hafifu mara 100, hiyo iko mbali mara 10.

swali_dogo:
Mbona mwanaastronomia Edwin Hubble alipata takriban miaka ya nuru 900,000 hadi Andromeda, na leo tunasema milioni 2.5?

mkesha_nyota:
Kosa kubwa lilikuwa kwenye rula, yaani Sefeidi zenyewe. Sefeidi zipo za aina mbili, changa na kongwe, na kwa siku zilezile changa zina mwanga zaidi. Zilikuwa zimechanganywa. Mwanaastronomia Walter Baade alipozitenganisha, na kutangaza mwaka 1952, umbali wa galaksi ukaongezeka karibu maradufu kwa mkupuo. Vumbi nalo hupunguza mwanga, ndiyo maana siku hizi wanapenda kupima kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho na unaopenya vumbi vizuri zaidi. Na rula yenyewe inasahihishwa kwa vipimo vya chombo cha angani Gaia vya paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kusogea kidogo Dunia inapolizunguka Jua.

mgeni_wa_anga:
Kumbe siri ni lile Wingu, kwamba zote zilikuwa mahali pamoja! Asante sana. Leo naanza na Zeta na Epsilon.

mkesha_nyota:
Andika na saa pia, siyo tarehe tu. Inapopanda, saa chache zinaonekana kabisa kwenye mchoro.