Mpiga kinanda wetu kagoma kupanda jukwaani baada ya aibu ya harusi, nifanyeje?

SautiYaKirumba:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mnaopiga laivu.

Mimi ni mwimbaji na ndiye ninayesimamia kibendi chetu hapa Mwanza: kinanda, besi, solo, dramu na waimbaji wawili. Harusi, sendofu, kipaimara, ndiyo maisha yetu. Juzi kati tulipata harusi ya bustanini kule Luchelele, ufukweni kabisa. Mchana tulijaribu vyombo, kila kitu safi. Jioni upepo wa ziwani ukaanza, na mawingu yake mnayajua. Maharusi wamefika katikati ya zulia, umeme ukazima. Jenereta ilikuwepo, ila mwenye ufunguo wa kibanda chake alikuwa katumwa mjini kufuata keki.

Umeme uliporudi, wote tukaingia palepale tulipoishia. Kijana wetu anapiga kwa transpozi, kile kitufe cha kuhamisha ufunguo wa wimbo, kama vijana wengi waliojifunzia kanisani: vidole viko C, kinanda kinatoa Eb. Kilipozima na kuwaka, transpozi imerudi sifuri na ile sauti ya nyuzi imegeuka piano. Besi na solo wako Eb, yeye anaigonga C kwa nguvu zote, mimi katikati sijui nimfuate nani. Bibi harusi alicheka, kisha akalia. MC naye akadakia: "Bendi imeanza vinywaji mapema!" Bustani nzima kicheko. Kijana mwenyewe hata soda ya baridi hanywi.

Kuna mtu alirekodi. Video imezunguka magrupu ya WhatsApp mpaka la kwaya yake.

Sasa hapokei simu. Katuma ujumbe kwamba atabaki kupiga kanisani tu. Tuna kazi Nansio mwisho wa mwezi na advansi tumeshakula. Halafu kamati ya harusi imekataa kutumalizia hela. Nimfuate, nimwache, nitafute mwingine? Na hiyo hela naidai vipi?

GitaBovu:
Tafuta mwingine mkuu. Mtu wa transpozi siyo mpiga kinanda. Pale Nyegezi vijana wa chuo wanaojua funguo zote wamejaa.

FundiWaPasiansi:
GitaBovu acha hizo. Nusu ya wapiga kinanda unaowashangilia mjini hapa wanatumia hicho kitufe.

Mleta uzi, pole. Hilo tatizo ni la umeme, siyo la kijana. Kinanda kikizima ghafla, kikiwaka mara nyingi kinarudi kilivyotoka kiwandani: transpozi sifuri, sauti ya piano, mwendo wake wa kawaida. Angalia chini ya kinanda chenu. Vile vidogo vingi vina nafasi ya betri sita. Weka betri hata kama mnatumia adapta, ila kijaribuni kwanza: umeme ukikata vingine vinaendelea bila kushtuka, vingine vinazima hata betri zikiwemo. Kama ni kikubwa kisicho na betri, nunua UPS ndogo, ile betri ya kompyuta inayoshikilia umeme ukikata, uchomeke kinanda na miksa. Spika na amplifaya usithubutu kuzichomeka humo, zitaimaliza kwa dakika chache. Pia hizo sauti na transpozi za kila wimbo azihifadhi kwenye kumbukumbu ya kinanda, ili kikiwaka abonyeze kitufe kimoja arudi alipokuwa.

Umeme ukikata, kitu cha kwanza zimeni amplifaya. Jenereta ikiwaka, ipeni muda itulie, kisha washeni miksa, amplifaya ziwe za mwisho. Nimeona spika zikipasuka pale watu wanapoacha kila kitu kimewashwa wakisubiri jenereta, umeme ukaingia kwa kishindo.

La mwisho, na hili sitanii. Mlikuwa kwenye nyasi, pembeni ya maji, mvua inakuja. Kagueni waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kuna mafundi wanaukata ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alipigwa shoti jukwaani kule Sacramento, Marekani, gita lake lilipogusa maiki. Alizimia, na inasemekana soli za mpira za viatu vyake ndizo zilizomwokoa. Les Harvey, mpiga gita wa Stone the Crows, hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1972 kule Swansea alishika maiki isiyo na ethi, akafa mbele ya watazamaji. Nyie mmechekwa tu.

MwalimuWaKwaya:
Fundi amemaliza ya mitambo. Mimi niongelee huyo mtoto, maana ninao wengi wa aina yake.

Usimpigie tena. Mfuate nyumbani, na usiende na bendi nzima kama vile mnapeleka posa. Usimwambie "yamepita, sahau," kwa sababu kwenye simu za watu hayajapita. Mtafutie video ya Maria João Pires, mpiga piano wa Ureno. Alikaa mbele ya okestra Amsterdam, mwongozaji Riccardo Chailly akaanzisha konseto ya Mozart, kumbe yeye alijiandaa kwa nyingine kabisa. Kamera inaonyesha uso wake unavyokunjamana, anashika kichwa, anamweleza mwongozaji huku okestra inaendelea. Zamu yake ilipofika aliipiga kutoka kichwani mpaka mwisho. Mwache aangalie uso tu, asome anachokisoma mwenyewe.

Na huyo MC anadaiwa radhi. Kwetu kwaya ilishawahi kukatikiwa pleibeki katikati ya mashindano, flashi imegoma, na MC wa siku ile akaanza kupiga makofi ya mwendo. Watu wakaitikia, waimbaji wakamalizia kwa makofi. MC mzuri anakufunika ukiwa uchi.

MzeeWaDansi:
Vijana, mwadila.

Enzi zetu umeme ulikuwa unakata usiku mmoja mara ambazo hatukuhesabu. Mpiga dramu alikuwa na amri moja: hata paa lianguke, asiache. Tumba na dramu hazina waya. Waimbaji tunashuka chini katikati ya watu, tunaimba bila maiki wimbo wanaoujua wao, siyo ule tunaoupenda sisi. Usiku mwingine watu walitunza zaidi gizani kuliko kwenye taa, sijui kwa nini.

Kama mmewahi kufika Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mmeona Bagika na Bagalu wanavyoshindana. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, mshindi ni anayewavuta watu wengi upande wake. Ngoma hairudiwi na hakuna wa kukusubiri ujipange. Upande ukinyamaza kidogo tu, watu wanahamia kule.

Kwa hiyo wewe mwimbaji, mwanangu, nakuuliza: umeme ulipokata, bendi yako ilifanya nini? Maana umeeleza ulivyozima na ulivyowaka. Ya katikati hukuyasema.

SautiYaKirumba:
Shikamoo mzee. Tulisimama tukisubiri jenereta.

MzeeWaDansi:
Marahaba. Basi anzia hapo mazoezini.

KamatiYaKudumu:
Nimekaa kamati nyingi za harusi, niseme upande wa pili. Mweka hazina anashikilia hela kwa sababu bibi harusi amelia, hata kama anajua jenereta ilikuwa ya wenye bustani. Usibishane kwenye grupu. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika kwao, ueleze kwamba baada ya pale mlipiga mpaka saa ngapi, kisha kubali wakikata kidogo. Ukitaka yote utakosa yote.

Kazi zijazo andikeni: jenereta ni ya nani, ufunguo anakaa nao nani, na salio linalipwa kabla ya maharusi kuingia.

GitaBovu:
Bado nasema ajifunze funguo. Lakini sawa, mfuateni.

SautiYaKirumba:
Wabeja sana wote. Nilikwenda jana kwao Igoma. Mama yake alinipokea, akaniwekea sato na ugali, tukala kimya mpaka nikaona aibu. Kijana akatoka baadaye. Video ya yule mama wa Ureno ameiangalia, akairudisha nyuma, akaangalia tena, hakusema kitu. Alichouliza ni kama Nansio tutakuwa na UPS. Nikamwambia tutakuwa nayo. Amesema atakuja mazoezini Jumamosi, ya Nansio ataamua baada ya hapo. Sijamsukuma.

Mpiga dramu nimeshamwambia amri ya mzee. Kamati wametupa nusu, wamesema nyingine tutaongea.

Fundi, kuna jamaa Makoroboi ananiuzia UPS iliyotumika kwa bei nzuri. Nichukue?

FundiWaPasiansi:
Usichukue kabla ya kuijaribu. Nenda na kinanda chenu, chomeka, kiwashe, kisha chomoa UPS ukutani na upige nyimbo tatu nzima papo hapo dukani. Kikizima kabla ya wimbo wa tatu, betri yake imekufa.