Yule kocha wa "hiyo gesi tu" anatumaliza timu nzima huku mnacheka

Mguu wa Kushoto: Wakuu, naandika mguu ukiwa juu ya mto, barafu nimeazima kwa muuza samaki, hivyo harufu ya uzi huu mnivumilie.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa filimbi shingoni mpaka msibani. Leo nafukuzia mpira pembeni, nasikia nyuma ya paja PWAA! Chini. Namuona anakuja mbio, nikajua huduma imefika. Akaniinamia, akageukia mashabiki, akapaza sauti ya mnada: "Mwacheni, HIYO GESI TU! Kala maharage!"

Gesi. Kwenye paja.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Refa akacheka. Mama wa mihogo akaacha karai likaungua.

Sasa niambieni, mazoezi yenyewe yakoje? Wiki nzima hatumwoni. Jumamosi jioni anatupandisha mlima mpaka watu wanatapika, Jumapili asubuhi mechi. Kupasha ni mzunguko mmoja, kisha mnashika vidole vya miguu mwili ukiwa baridi. Beki wetu goti halijapona, karudishwa kwa sababu "ameacha kuchechemea". Benchi lote vitambaa, utadhani tumerudi Vita vya Kagera. Halafu mimi ndiye nina GESI!

Winga Teleza: Chai hii mkuu, tangawizi imezidi. Paja kulia mpaka sisi wa mbali tusikie?

Kona Fupi: Ulikula maharage au hukula? Jibu swali.

Mguu wa Kushoto: Nilikula chapati! Na hata ningekula gunia, gesi inashukaje kwenye paja?

Fundi Viungo: Tuache utani kidogo. Nyama za nyuma ya paja ndizo zinazoongoza kwa kuumiza wachezaji hata huko Ulaya, na zinachanika zaidi mtu akiwa kasi kamili, hasa akiwa amechoka. Misuli ya jana haijapumzika, leo unaitaka spidi, lazima iachie. Na aliyewahi kuumia ndiye rahisi kuumia tena, kwa hiyo huyo beki mumtoe leo. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanaitwa FIFA 11+, dakika 20, hayataki vifaa vya gharama. Mojawapo unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele taratibu. Timu zinazoyafanya kila mazoezi zinapunguza majeruhi kweli. Mtoa uzi, usikubali kuchuliwa kwa nguvu siku hizi za mwanzo, wala dawa za moto.

Mguu wa Kushoto: Ameshanichua. Na dawa ya moto. Huku anasema "itoke hiyo gesi".

Bi Tikiti: 😂😂😂 Nimekufa mimi.

Mzee wa Benchi: Vijana wa siku hizi laini tu. Sisi tulicheza peku kwenye kokoto.

Fundi Viungo: Na sasa hivi mzee wangu magoti yako yakoje?

Mzee wa Benchi: Hayo ni mambo ya nyumbani kwangu.

Winga Teleza: Hata wenye madaktari kumi wanaumia. Rodri, kiungo wa Man City, Septemba 2024 kalalamikia wingi wa mechi, siku chache baadaye goti likaondoka dhidi ya Arsenal.

Kona Fupi: Arsenal wenyewe kila msimu wodi imejaa, halafu wanasema ubingwa ni mwakani.

Winga Teleza: Arsenal wameingiaje hapa? Wewe timu yako si ndiyo inakata pumzi dakika ya 60 kila mechi?

Bi Tikiti: Tukiwa hapohapo kwa kocha, ile michango ya jezi iko wapi? Mimi nililipia ya mwanangu, mpaka leo anavaa fulana ya kampeni.

Kona Fupi: Eeh! Hilo ndilo la maana sasa. Na mipira miwili mipya?

Mzee wa Benchi: Nami nilitoa. Tena nilitoa kabla yenu.

Mguu wa Kushoto: Wakuu, paja langu je?

Bi Tikiti: Subiri baba, tumalize la jezi. Nani ana namba ya mweka hazina?

Winga Teleza: Mweka hazina si ni shemeji yake kocha? Nimepita kijiweni juzi, bodaboda watatu wamevaa jezi mpya. Mmoja namba 9.

Bi Tikiti: NAMBA 9 NI YA MWANANGU!